Uhamaji na Ukadiriaji wa Kipindi cha Uatamiaji wa Kidonda cha Buruli

Kidonda cha Buruli ni ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na bakteria Mycobacterium ulcerans, na hujitokeza katika maeneo mahususi tu, aghalabu karibu na mito, mabwawa na ardhi oevu. Huanza kwa uvimbe mdogo usiouma. Usipotibiwa mapema, huweza kuacha ulemavu wa kudumu. Insha hii inadai kuwa kipindi cha uatamiaji, yaani muda kati ya maambukizi na dalili ya kwanza, kilikadiriwa kutokana na historia za watu waliohama.

Daktari mmisionari Albert Cook aliandika kuhusu vidonda vya namna hii katika Hospitali ya Mengo, Uganda, mwaka 1897. Bakteria wenyewe walielezwa mwaka 1948 na Peter MacCallum na wenzake, kutokana na wagonjwa wa Bairnsdale, Australia. Jina la sasa lilitokana na Buruli, eneo lililo karibu na Ziwa Kyoga, ambako wagonjwa wengi walitambuliwa katika miaka ya 1960. Hata hivyo, wenyeji wa Buruli hawakuweza kutoa kipimo cha muda. Waliishi, walilima na kuteka maji mahali palepale mwaka mzima. Siku ya maambukizi haikuweza kutengwa na siku nyingine.

Nafasi ya kupima ilipatikana kwa wakimbizi wa Rwanda waliowekwa Kinyara, karibu na Nile Victoria, mto unaotoka katika ziwa lilelile ambalo Mto Mirongo wa Mwanza humwaga maji yake. Kundi la watafiti lililojulikana kama Uganda Buruli Group lilichapisha uchunguzi wake kuhusu Kinyara mwaka 1971. Kwa kuwa wakimbizi walikuwa wageni katika eneo hilo, tarehe ya kuwasili ilikuwa mwanzo wa hesabu.

Utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2013, uliikamilisha mbinu hiyo. Kati ya wagonjwa 408 walioripotiwa kuanzia 2002 hadi 2012, 111 waliishi nje ya maeneo ya ugonjwa, na 23 tu walikuwa wameyazuru mara moja. Mgeni aliyekaa siku 20, kisha akaota uvimbe siku 120 baada ya kuondoka, aliambukizwa kati ya siku 120 na 140 kabla ya dalili; makadirio yake ni 130. Kwa njia hiyo wastani ulikuwa siku 135, mfupi kabisa ukiwa 32 na mrefu 264. Udhaifu wa mbinu ni kutegemea kumbukumbu, kwani nusu ya wagonjwa hao walikaa siku 71 au zaidi tangu dalili hadi utambuzi.

Matokeo haya yana uzito kwa mji wa bandari kama Mwanza. Mgonjwa anayefika kituo cha afya cha Mirongo akiwa na uvimbe usiouma huenda aliambukizwa mbali, miezi minne au mitano iliyopita. Daftari linaloandika makazi ya sasa pekee litauhesabu ugonjwa mahali usipotoka, na chanzo chake kitaendelea kuambukiza wengine. Swali la mahali alipokuwa mgonjwa msimu uliopita linastahili safu yake katika daftari hilo.