Maradhi Yakiingia Mjini, Shule Ifanye Nini?



Bila shaka waikumbuka Ramadhan ya mwaka 2020. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, tarawehe tukasali majumbani, na watoto walikuwa hawajaenda shule tangu Machi. Wazazi wengi wakaulizana: je, ni sawa kufunga shule? Swali hilo si geni. Hebu turudi nyuma tuone waliotutangulia walifanyaje.

Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliuzunguka ulimwengu na kuua mamilioni ya watu. Huko Marekani miji mingi ilifunga shule, lakini New York haikufunga. Mkuu wa afya wa mji, Daktari Royal Copeland, alikuwa na hoja yake. Wanafunzi walikuwa karibu milioni 1, na kama robo tatu yao waliishi katika majumba ya kupanga, vyumba vimesongamana na hewa ni haba. Mtoto wa hapo ukimtoa shule, atakwenda wapi? Si atarudi kwenye msongamano ule ule? Shuleni angalau kulikuwa na nafasi, na tangu 1908 mji ulikuwa na idara ya afya ya watoto chini ya Daktari Sara Josephine Baker, yenye wauguzi wa kuwaangalia wanafunzi.

Lakini usidhani waliacha milango wazi wakangojea bahati. Watoto hawakuruhusiwa kukusanyika uwanjani, bali kila mmoja aliingia darasani moja kwa moja. Kila asubuhi mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Mwenye dalili alitengwa, akaonwa na daktari, akapelekwa nyumbani, na kama nyumbani hapafai, hospitali. Copeland alikosolewa sana, na mji ulipoteza watu zaidi ya 20,000. Hata hivyo kiwango cha vifo kilikuwa chini kuliko Boston na Philadelphia, ingawa hatuwezi kusema shule peke yake ndiyo sababu.

Sasa sikiliza kisa cha pili, ambapo shule zilifungwa. Septemba 1937, ugonjwa wa polio uliingia Chicago, na polio hupenda watoto. Ufunguzi wa shule ukaahirishwa. Mkuu wa shule za mji, William Johnson, hakukaa kungojea. Walimu walitayarisha masomo ya dakika 15, stesheni za redio zikatoa nafasi bure, na magazeti yakachapisha ratiba na maswali kila siku. Palikuwa na simu ya kuuliza pia, na siku ya kwanza ilipigwa zaidi ya mara 1,000 mpaka walimu wakaongezwa. Lakini palikuwa na kasoro: nyumba nyingine hazikuwa na redio, na mtoto mzito wa kuelewa hakuweza kumsimamisha mwalimu akamwuliza.

Waona basi? Mmoja alifungua, mwingine alifunga. Kilichowaunganisha ni kwamba hawakumwacha mtoto hivi hivi tu.

Turudi kwetu. Kenya ilitangaza kufunga shule tarehe 15 Machi 2020. Masomo yakaletwa kwa redio, televisheni na intaneti. Darasa la 4, la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Lakini nyumba isiyo na stima wala simu ya maana ilisoma nini miezi yote hiyo? Wako mabinti waliopata mimba, na wako wavulana waliozoea vibarua wasirudi darasani tena. Hao korona haikuwagusa, lakini iliwapoteza.

Kwa hivyo wewe mwalimu mkuu, au ustadh wa madrasa, usingoje maradhi mengine ndipo uanze. Leo andika orodha: nani hana redio, nani analea wadogo zake, nani nyumbani kwao si salama. Shule ikifungwa, orodha hiyo igawanywe, kila mwalimu awe na watoto wake wa kuwapigia simu au kuwabishia hodi.

Nawe kijana uliyemaliza shule, tazama nyumba ya jirani. Yule mtoto aliyeacha shule mwaka ule, jina lake walijua? Umewahi kumwuliza kilichomzuia kurudi?

Wabillahi tawfiq.