Uti Kwanza, Pingili Baadaye

Mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania hujifunza mapema kwamba wanyama wamegawanyika katika makundi mawili makubwa, wenye uti wa mgongo na wasio na uti wa mgongo, na kwamba wale wa kwanza ni samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Akiendelea na kuanza kusoma maandishi ya kitaalamu zaidi hukutana na neno jingine, vetebrata, lenye asili ya Kilatini. Hivyo tuna istilahi mbili kwa jambo moja, na wapo wanaoona kwamba ile ya kwanza ni maelezo ya kumsaidia mtoto tu, na kwamba mwanasayansi aliyekomaa anapaswa kuiacha. Makala haya yanatetea msimamo ulio kinyume. "Mnyama mwenye uti wa mgongo" ni istilahi kamili, na kwa jambo moja la msingi inaeleza miili ya wanyama hawa kwa usahihi kuliko vetebrata yenyewe. Ushahidi wa dai hili unatoka kwa viinitete na samaki, wakiwamo samaki wa bahari yetu.

Mgawanyo wenyewe una mwasisi wake. Tangu zama za Wagiriki, Aristotle alitenganisha wanyama wenye damu na wasio na damu, akimaanisha damu nyekundu, na fikra hiyo ikadumu kwa karne nyingi ingawa ina tundu kubwa: nyungunyungu ana damu nyekundu na hana mfupa hata mmoja. Aliyeweka kigezo kipya ni Mfaransa Jean-Baptiste de Lamarck, aliyezaliwa mwaka 1744 katika kijiji cha Bazentin, kaskazini mwa Ufaransa. Ujana wake aliuanza jeshini, kisha akajipatia jina kwa kitabu chake juu ya mimea ya Ufaransa. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi, Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris yalipoanzishwa, Lamarck alipewa kufundisha somo la "wadudu na minyoo". Somo hilo lilikuwa jalala la elimu ya wanyama. Kila kiumbe kilichokosa mahali pengine kilitupwa humo. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 50, na utaalamu wake ulikuwa wa mimea. Ugumu wa kazi hiyo ndio uliomlazimu kutafuta alama moja ya kutenganisha viumbe wake na wengine wote, na alama hiyo akaiona mgongoni. Mwaka 1801 alichapisha kitabu kilichobeba mgawanyo huo katika jina lake, na kati ya 1815 na 1822 akatoa juzuu saba juu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Macho yalimfifia kabla kazi haijaisha, akawa anatamka na binti yake anaandika. Alifariki mwaka 1829 akiwa kipofu na maskini, lakini kigezo chake kinafundishwa hadi leo.

Tutazame sasa kila istilahi inachosema. Vetebrata inatokana na neno la Kilatini, vertebra, ambalo nalo limetoka kwenye kitenzi chenye maana ya kugeuka. Linataja kipande kimoja kimoja cha mgongo, kile ambacho kwa Kiswahili tunakiita pingili, neno lililotoka kwenye muwa na mwanzi. Kilatini, basi, kimelitaja kundi zima kwa pingili zake. Kiswahili kimechagua kitu kingine. Uti ni ndugu wa mti: ni shina, ni mpini mrefu ulionyooka kama ule wa mkuki, kile ambacho sehemu nyingine hukishikilia. Uti wa mgongo ni mhimili unaopita urefu wote wa mwili, na jina lenyewe halisemi umetengenezwa kwa mfupa, kwa gegedu au kwa kitu kingine; halisemi pia kama umegawanyika au umeungana. Linataja mhimili tu. Swali la kisayansi ni hili: katika miili ya wanyama hawa, kilicho cha asili na cha wote ni kipi, pingili au mhimili?

Jibu la kwanza linatoka kwenye kiinitete. Katika siku za mwanzo za kila mnyama wa kundi hili, awe chura, kuku au binadamu, mgongoni hutokea ufito laini wa seli uitwao notokodi. Wakati huo hakuna mfupa wala pingili. Pingili huja baadaye, zikijengeka kuuzunguka ufito huo na kuchukua kazi yake. Kwa binadamu masalia yake hubaki katikati ya visahani laini vinavyotenganisha pingili na pingili. Mhimili, kwa hiyo, hutangulia, na pingili ni namna ya kuuimarisha. Hata pingili zenyewe hubadilika kwa idadi na umbo bila mpango wa mwili kuvunjika. Mtoto huwa na pingili 33 hivi, na akiwa mtu mzima zile za chini huungana zikahesabiwa 26. Baadhi ya nyoka wana zaidi ya 200. Twiga, kwa shingo yake yote ile, ana pingili saba za shingo sawa na panya, zimerefuka, hazikuongezeka.

Jibu la pili linauzwa sokoni. Mkate papa kipande cha kupika, na katikati ya nyama nyeupe utaona kisahani cha mviringo, kimebonyea pande zote mbili, na kisu hukipenya kwa urahisi kuliko kinavyopenya mfupa. Hiyo ni pingili ya gegedu, ile ile aina ya kitu inayoshikilia sikio la binadamu. Papa na taa hawana mifupa mwilini mwao, lakini hakuna mtaalamu anayewatoa kundini. Anayedhani istilahi yetu ina maana ya "mnyama mwenye mifupa" atakwama hapo. Anayeisoma kama ilivyo, mwenye mhimili mgongoni, hakwami.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote, na limo katika maji ya Tanga. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walimjua kwa visukuku tu na kuamini kwamba jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria, hadi Desemba 1938 aliponaswa mmoja pwani ya Afrika Kusini. Mwaka 1952 akapatikana Komoro, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakimtoa kwenye majarife wanayotega kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 eneo la bahari la Tanga lilitangazwa kuwa hifadhi iliyobeba jina lake. Mpasue samaki huyu mgongo, na utakuta bomba refu lenye kuta imara, ndani yake umejaa umajimaji wa mafuta. Ni notokodi ile ile ya kiinitete, ambayo kwake haikutoa nafasi kwa pingili kamili. Imebaki kuwa mhimili wake maisha yake yote. Ukishikilia maana ya Kilatini neno kwa neno, silikanti ana kasoro. Kwa Kiswahili hana kasoro yoyote, kwa sababu uti anao, tena mzima.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba "uti wa mgongo" una utata. Watu husema "homa ya uti wa mgongo" wakimaanisha ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na ugwe wa neva, si ugonjwa wa mhimili. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kudhani kwamba uti ni ule mkusanyiko wa neva uliomo ndani ya pingili. Lakini dawa ya utata ni kugawa kazi kati ya maneno tuliyonayo: uti wa mgongo ubaki kuwa mhimili, pingili iwe kipande chake, na ugwe wa neva uwe kile kinachopita ndani yake. Jina la ugonjwa lililokwisha kuzoeleka halivunji mpangilio huo. Wengine watasema kwamba istilahi ya maneno matano ni ndefu mno, na kwamba mwanafunzi atakutana na vetebrata atakapohamia masomo ya sekondari kwa Kiingereza. Urefu hupungua wenyewe katika matumizi. Ukisha kulitaja kundi mara moja, "wenye uti" inatosha. Na neno la kimataifa lifundishwe, lakini lifundishwe juu ya maana iliyokwisha eleweka. Mtoto anayejua uti ni nini atajifunza vetebrata kwa dakika moja. Anayekariri vetebrata bila uti amepata sauti tu.

Pingamizi la mwisho linaigusa nusu ya pili ya mgawanyo, na hapo naafiki. "Wasio na uti wa mgongo" ni kundi linalotajwa kwa kile lisichokuwa nacho, ingawa linabeba zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama zinazojulikana. Pweza, kaa, konokono na nyungunyungu wamewekwa pamoja kwa ajili ya wepesi wa kusema, bila undugu maalumu. Kiumbe tunachokiita kiti cha pweza ni ndugu wa karibu zaidi wa binadamu kuliko wa huyo pweza aliyepewa kiti. Lawama hii, hata hivyo, inamhusu Lamarck na lugha zote zilizomfuata, haikihusu Kiswahili peke yake, na haiutikisi upande wa kwanza. Wenye uti ni ukoo wa kweli wenye babu mmoja, na jina lao linataja urithi waliopewa na babu huyo.

Kuna kazi moja iliyobaki kwa waandishi wa vitabu, nayo iko kwenye neno mnyama. Katika mazungumzo ya kila siku, mnyama ni mwenye miguu minne. Ndege ni ndege, samaki ni samaki, na nyoka, wengi humwita mdudu. Kitabu kisemacho "samaki ni mnyama mwenye uti wa mgongo" bila kueleza kwamba sayansi imelipanua neno mnyama humwachia mtoto kitendawili asichokiomba. Sentensi mbili za maelezo zinatosha kukitegua. Baada ya hapo istilahi haihitaji kuombewa radhi wala kubadilishwa darasa linapopanda: imechagua kutaja kilichotangulia katika kila mwili wa ukoo huu, na kwa sababu hiyo inastahili kutumika kuanzia darasa la msingi hadi maabara ya chuo kikuu.