Neno la Njiani

Barabara itokayo Dar es Salaam hufika Rusumo, wilayani Ngara, ambako daraja huvuka mto Kagera kuingia Rwanda. Ni mahali pa malori, mizigo na biashara, na wanawake wengi hujipatia riziki hapo. Mahali kama hapo mwanamke apitaye huweza kupigiwa mluzi na kutupiwa neno la aibu na mtu asiyemjua. Husemwa kwamba huo ni mzaha. Historia ya ncha ya pili ya barabara hiyo yafundisha vingine.

Mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana, nayo ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Makundi ya vijana hayakungoja. Mwezi ule ule wanawake walizingirwa katika kituo cha mabasi cha Kariakoo, wakazomewa, na baadhi yao wakararuliwa nguo.

Hoja iliyotolewa ilikuwa utamaduni wa taifa. Yafaa hoja hiyo ipimwe. Sketi haikuwa ngeni kuliko shati na suruali za wanaume wa mjini, wala hao hawakuzingirwa kwa ajili ya shati. Lakini siku zile wasichana waliosoma walikuwa wakiingia ofisini na kupata mshahara wao wenyewe, hali vijana wengi wa kiume hawakuwa na kazi. Kuzomea kulikuwa njia ya kutangaza kwamba barabara ina wenyewe. Neno lilitangulia, mkono ukafuata.

Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo kituoni mchana kweupe. Wanawake waliandamana, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya Kenya ikakifanya kitendo hicho kuwa kosa mahususi la jinai.

Tanzania ilikwisha kutangulia kwa upande wa ulimi: sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilitia katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumbughudhi mtu kijinsia, hata kwa maneno matupu. Sheria hiyo yatawala Kariakoo na Rusumo sawasawa. Hata hivyo askari hayupo kila kituo, wapo wasikilizaji. Wakicheka, msemaji hupata jeshi. Wakimkanya, hubaki mtu mmoja, na mwanamke hupita kwenda zake.