Mahame ya uwanda wa Mueda

Ukitoka mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ukashika njia ya magharibi, pwani inabaki chini na mbele yako unapanda uwanda wa Mueda, yapata mita 800 juu ya bahari. Huku hakuna magofu ya mawe. Kisiwa cha Ibo, huko pwani, kina ngome yake ya mwaka 1791 na nyumba zake za chokaa. Lakini Wamakonde, wenyeji wa uwanda, walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Mahame yao hujulikana kwa vigae vya vyungu, makaburi, na miembe iliyozeeka katikati ya pori.

Kila hame lilikuwa kaja, yaani mji wa ukoo mmoja, na ukoo wenyewe ulifuata upande wa mama. Mkuu wake aliitwa nang'olo mwene kaja. Nyumba zilizunguka uwanja, na hapo uwanjani palikuwa na chitala, banda la wanaume, ambamo wageni walipokewa na mashauri yakakatwa.

Anayeuliza kwa nini watu walikaa huko juu, wanawake wakishuka mabondeni kila siku kuteka maji, na aitazame bahari. Katika karne ya 18 na ya 19 Ibo ilikuwa bandari ya watumwa, na misafara iliwatafuta bara. Vichaka vya uwandani vilikuwa boma. Waliokimbia kutoka makabila mbalimbali walipanda, wakaoana, wakawa Wamakonde. Hata hivyo historia isipambwe: kaja ziliviziana, mateka wakauzwa pwani, na bunduki na nguo zikapanda kwa njia ile ile iliyoshusha mpira na nta.

Wareno waliuteka uwanda mwaka 1917. Ikaja kodi, ikaja kazi ya shuruti, na wengi wakavuka mto Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika. Mwanaanthropolojia Mreno Jorge Dias na mkewe Margot, waliofika mwishoni mwa miaka ya 1950, walizikuta kaja zikiwa hai wakaziandika. Vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964: Wareno wakawakusanya watu katika vijiji vyenye ulinzi, wengine wakaingia msituni pamoja na FRELIMO, chama cha ukombozi. Baada ya uhuru wa 1975 vikaja vijiji vya jumuiya vya serikali mpya. Makao ya vizazi vingi yakahamwa katika muda usiofika miaka 20.

Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na waasi Oktoba 2017, na mji wa Palma Machi 2021, maelfu walikimbia, na wengi wao wakapanda Mueda kutafuta hifadhi, kama waliowatangulia.

Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi vita vya 1964 vilipoanza sasa amepita 70. Huyo bado aweza kusimama chini ya mwembe akataja kaja ilikuwa ya nani, nani alizikwa wapi, maji yalitekwa bonde gani. Watafiti wa mambo ya kale wamwendee yeye kwanza, kabla ya kuchimba.