Nundu ya Mmea, Si Nyongo

Anayezunguka bwawa huko Ontario au Massachusetts katikati ya majira ya baridi, majani yakiwa yamekwisha kupukutika, hukuta kwenye ncha za matawi ya mierebi vitu vinavyofanana kabisa na koni za msonobari. Mwerebi hauzai koni. Wajuzi wa wadudu wanajua hiyo ni kazi ya usubi aitwaye Rabdophaga strobiloides. La kushangaza ni kwamba katika rasimu ya istilahi za biolojia niliyoletewa niipitie, kitu hicho kimeitwa "nyongo ya mmea".

Kosa hili lina asili yake. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa sawasawa, "gall". La kwanza ni la ukoo wa Kijerumani. Ndilo nyongo hasa, na shina lake ni moja na kholē ya Kigiriki na hata jina la Kiingereza la rangi ya manjano. La pili ni galla ya Kilatini, lililopitia Kifaransa, nalo lilitaja kile kivimbe cha mwaloni ambacho kwa karne nyingi kilipondwa na kuchanganywa na chumvi ya chuma kupata wino. Hayana udugu. Mtu alifungua kamusi, akaishia kwenye maana ya kwanza, na kamati ya istilahi ikapitisha. Nilipopinga kwa maandishi, nilijibiwa kwamba neno "limekwisha kuzoeleka". Limezoeleka kwa nani?

Wapo wanaotaka "uvimbe". Neno hilo hospitali imelishika, na msomaji atafikiria saratani. "Jipu" lina usaha. Mimi nasimama na nundu, na sisemi ile ya ng'ombe. Mtoto akijigonga kizingitini hutoka nundu kwenye paji la uso: pigo limetoka nje, lakini nyama iliyoinuka ni yake mwenyewe. Ndivyo mmea ulivyo. Buu la usubi huichokoza ncha inayochipua, tawi likaacha kurefuka, majani yakadumaa na kupandana, na yote hayo ni mwili wa mwerebi. Kwenye shina la solidago, buu la inzi Eurosta solidaginis hujificha ndani ya nundu ya mviringo, mwilini mwake mna gliseroli na sobitoli, hata likiganda halifi. Kigogota analijua, huitoboa nundu akalila.

Kwa kipimo hicho, ile miiba iliyovimba ya migunga ya mbuga zetu, wanamokaa sisimizi, si nundu. Mti huiotesha wenyewe hata sisimizi wasipokuwapo.

Katika matumizi: nundu ya mwerebi, nundu ya mwaloni, wingi ni nundu vilevile.

Waandishi wa vitabu vya sekondari, nawaomba msingoje kikao kingine. Futeni nyongo kwenye miswada yenu kabla haijafika kiwandani.