Haki za Mnunuzi wa Gari na Mkataba wa Mauziano Mkoani Mara

Mwananchi wa Musoma, Bunda au Butiama anayetafuta gari lililokwisha kutumika hukutana na wauzaji wa aina mbili: mfanyabiashara wa magari, au mtu binafsi anayeuza gari lake, mara nyingi kupitia dalali. Wengi huangalia bei tu, ilhali aina ya muuzaji ndiyo inayoamua kiwango cha ulinzi ambao sheria inampa mnunuzi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kila muuzaji huchukuliwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza, hata kama mkataba haukutamka hivyo. Gari likibainika kuwa la wizi, mnunuzi hapati umiliki, bali hubaki na haki ya kumdai muuzaji fedha zake. Kuhusu ubora hali ni tofauti. Mfanyabiashara wa magari anawajibika kutoa gari lenye ubora unaokubalika kibiashara. Aidha, mkulima wa Butiama akimweleza mfanyabiashara huyo kuwa anahitaji gari la kubebea mazao, naye akategemea utaalamu wake katika kuchagua, gari hilo linapaswa kuifaa kazi hiyo. Mtu binafsi hawajibiki kwa kiwango hicho. Kwake huyo, kisichoandikwa ni vigumu kudaiwa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mnunuzi aliyedanganywa kuutengua mkataba. Hata hivyo, kifungu cha 19 kinaweka sharti ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu: pale ambapo ridhaa ilitokana na maelezo yasiyo sahihi, au muuzaji alinyamaza kwa hila, mnunuzi aliyekuwa na nafasi ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida hawezi kuutengua. Kwa sababu hiyo, kumlipa fundi asiyefahamiana na muuzaji ili alikague gari ni gharama ndogo kuliko shauri mahakamani. Vilevile, anayelipokea gari na kulitumia kama aliyeridhika anaweza kupoteza haki ya kulirudisha, akabaki na dai la fidia pekee.

Kabla ya malipo, mnunuzi anapaswa kuiona kadi halisi ya gari na kulinganisha namba za chasisi na injini na zilizomo kwenye kadi. Muuzaji mwenye nakala tu aulizwe kadi ilipo, kwani huenda imeshikiliwa na mkopeshaji. Madeni ya faini za barabarani huonekana katika mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya usajili. Kwa kuwa barabara kuu itokayo Mwanza kwenda mpaka wa Sirari hupita Bunda, ikumbukwe pia kuwa gari lenye namba za Kenya lililoingia nchini kwa kibali cha muda haliwezi kuuzwa kihalali kabla ya kodi za forodha kulipwa.

Mkataba utaje majina kamili ya pande zote, namba za usajili, chasisi na injini, bei, namna ya malipo, kasoro zinazojulikana na tarehe ya makabidhiano, kisha ushuhudiwe na wakili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaweza kuthibitisha kuwa watu walisaini; hausemi lolote kuhusu giaboksi.

Baada ya hapo, umiliki uhamishwe katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Wapo wanaoendesha kwa miaka kadhaa gari lenye jina la mmiliki wa zamani. Mwenye jina kwenye kadi huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo, hivyo faini humfuata muuzaji, naye mnunuzi hukwama siku atakapotaka kuuza, hasa muuzaji wa kwanza akiwa amefariki au amehama.

Malalamiko dhidi ya mfanyabiashara aliyepotosha wateja huwasilishwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya Mwaka 2003. Mgogoro na mtu binafsi hupelekwa mahakamani kulingana na thamani ya dai, na asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Mwaka 2017. Kwa kawaida, dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6.