Mkeka wa Mbao

Neno lililonishughulisha juma hili ni «mkeka wa mbao», jina ambalo wafanyabiashara wa Kenya wamelipa tandiko la plastiki linalouzwa kwa mita, ambalo halikusukwa wala halina ndani yake hata kibanzi cha mti. Ukilikata kwa kisu na kuutazama ukingo wake kwa makini, utaona matabaka yaliyogandamana: chini plastiki laini yenye kubonyea, juu yake picha ya ubao iliyopigwa chapa, mafundo na mishipa ya mti ikiwa dhahiri, na juu kabisa utando mwangavu usio na rangi, ambao ndio unaostahimili nyayo, miguu ya viti na maji ya kupigia deki, na ambao ukiisha kulika, picha nayo haikawii kufutika.

Wako wanaolishutumu jina hili kuwa ni uongo. Mimi naliridhia, kwani mkeka, ijapokuwa asili yake ni ukili wa ukindu ulioshonwa, hujulikana kwa kutandikwa na kukunjwa. Na lugha yetu tangu kale imehamisha majina, hata sakafu yenyewe imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Nisilolikubali ni kuliita tandiko hili zulia, maana zulia lina manyoya.

Nawasihi watungaji wa kamusi walipokee «mkeka wa mbao» kama lilivyo, na maelezo yake yataje plastiki waziwazi.